Kabla Hujaingia Wodini: Maandalizi ya Mwanafunzi wa Afya, Kuanzia Kisumu hadi Nakuru

Wiki ya kwanza ya atachimenti, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, hupotea kwa urahisi mno. Mwanafunzi anafika langoni Jumatatu asubuhi, na hadi Ijumaa bado anazungushwa: barua ya chuo haina muhuri, bima haijalipiwa, kadi ya chanjo ya homa ya ini haionekani. Wenzake tayari wanapima wagonjwa. Karibu yote yanayomkwamisha yangemalizwa miezi sita mapema, tena akiwa nyumbani.

Chuo kwanza, karo baadaye

Kila taaluma ya afya Kenya ina baraza lake. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, maafisa wa kliniki wana lao, wafamasia wako chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, watu wa maabara wana bodi yao, KMLTTB, na madaktari wana baraza lao, KMPDC. Mabaraza haya huorodhesha vyuo yalivyoviidhinisha. Tazama orodha hiyo kabla hujalipa hata shilingi moja, na uangalie mambo matatu: jina la chuo, jina la kozi, na tawi lenyewe. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kozi hiyo mji mmoja na kisiwe nacho mji wa pili. Ukiambiwa "tumeshaomba, kibali kiko njiani", shika pesa zako. Anayesoma miaka mitatu mahali pasipotambuliwa hawezi kufanya mtihani wa leseni, na karo hairudi.

Upande wa magharibi na Bonde la Ufa una nafasi nyingi, na si lazima mtoto apelekwe Nairobi. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ina matawi Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya, Homa Bay, Eldoret na Nakuru, na maombi hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni. Kwa shahada kuna vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Moi pale Eldoret, Egerton ambayo kitivo chake cha afya kiko Nakuru, na Uzima pale Kisumu. Shahada inahitaji wastani wa C+ kwenda juu katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na udaktari huhitaji alama za juu zaidi ya hapo. Stashahada za uuguzi na kliniki huanzia C. Wastani peke yake hautoshi. Mwenye wastani mzuri lakini Biolojia au Kemia dhaifu hukwama, kwa hiyo soma masharti ya somo moja moja kabla ya kuchagua.

Ukishaingia, ulizia indeksing katika muhula wa kwanza. Huko ni kuandikishwa kwenye rejista ya wanafunzi ya baraza lako, na ndiko kunakokufungulia mtihani wa mwisho. Kwa kawaida chuo ndicho kinachopeleka majina, lakini namba ni yako. Usitulie mpaka uione. Kinachochelewesha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Otieno John Ouma, hati ya KCSE inasema John Otieno, kitambulisho kinasema Ouma John. Panga vyote mezani ulinganishe herufi kwa herufi. Mpangilio ukitofautiana, mara nyingi hati ya kiapo kutoka kwa wakili hutosha. Jina likiwa jingine kabisa, utahitaji kulibadilisha rasmi, na jambo hilo huchukua miezi. Lianze mwaka wa kwanza.

Chanjo ina kalenda yake

Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu kwa urahisi kuliko HIV, na ina chanjo. Dozi ni tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kama unaingia wodini Septemba, sindano ya kwanza iwe imechomwa kufikia Machi. Ukichelewa dozi ya pili au ya tatu, huanzi upya. Endelea pale ulipoachia. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, ukiweza, pima kinga: kiwango cha 10 mIU/ml kwenda juu kinaonyesha mwili umepokea chanjo. Piga picha kadi yako uihifadhi kwenye simu, maana kadi za karatasi hulowa mvua na kupotea.

Hospitali ipi inakufaa?

Wengi hukimbilia hospitali kubwa kwa sababu ya jina. Kisumu ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia. Eldoret ni hospitali ya rufaa ya Moi. Nakuru ni ile ya rufaa ambayo bado watu wanaiita PGH, jina la enzi za hospitali za mikoa. Huko utaona magonjwa adimu na raundi za wataalamu, lakini utakuwa mwanafunzi wa kumi na tano nyuma ya kitanda, unachungulia juu ya mabega. Hospitali ya levo 4 ya kaunti ndogo ina wanafunzi wachache. Pale utafunga vidonda, utapokea watoto wanaozaliwa usiku, utajifunza kuandika rejista. Ushauri wetu kwa mwaka wa kwanza na wa pili ni huo: levo 4 kwanza, ili mikono izoee, kisha rufaa ukiwa na maswali ya kuuliza.

Anayependa macho aulizie hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga. Wa maabara au takwimu aangalie KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, nje kidogo ya Kisumu, ambapo utafiti wa malaria umefanywa kwa miaka mingi. Ada ya atachimenti, kama ipo, ilipwe kwa namba rasmi ya hospitali na risiti ichukuliwe. Usitume kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama amevaa koti jeupe.

Vya kubeba

Saa yenye mshale wa sekunde, kalamu mbili nyeusi na moja nyekundu, kijitabu cha mfukoni, tochi ndogo, futi ya kupimia, stethoskopu, makoti mawili, na viatu vilivyofunika vidole. Stethoskopu ya bei ya kati inatosha kabisa. Za bandia zenye jina kubwa huuzwa kila mahali. Ijaribu kabla ya kulipa: weka sikioni, gusa polepole utando wa ile sehemu inayowekwa kifuani, na ukisikia hewa tu kama upepo wa dirishani, iache.

Fundisha mikono nyumbani

Kipimo cha presha kinaonekana chepesi, na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Mgonjwa aketi dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishana, kibofu kitupu. Mkono uwe umelala juu ya meza, usawa wa moyo. Funga mkanda juu ya ngozi, si juu ya sweta, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita mbili au tatu juu ya kiwiko. Shika mshipa wa kifundo cha mkono, pampu mpaka mapigo yapotee, ongeza alama 30. Weka stethoskopu, kisha achia hewa taratibu, alama mbili au tatu kwa sekunde. Sauti ya kwanza ni namba ya juu. Sauti inapokatika ndiyo ya chini.

Makosa yana mwelekeo wake. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyokuwepo. Mgonjwa akiongea, hupanda. Mkono ukining'inia chini, hupanda. Ukiachia hewa kwa kasi, utakosa sauti ya kwanza na kuandika presha ya chini kuliko ilivyo. Na usizoee kuandika 120, 130, 140. Kama umesikia 134, andika 134. Pima watu ishirini nyumbani na mtaani kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza.

Kuhesabu pumzi za mtoto huokoa maisha katika wodi za huku. Mwache mapajani mwa mama yake, pandisha shati, tazama tumbo, hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Mtoto mchanga hupumua kwa mawimbi na utakosea. Akilia au akinyonya, subiri. Hesabu kabla hujamwekea kipimajoto, kwa sababu kipimajoto ndicho kitakachomliza. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40.

Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima, kwa hiyo jifunze dozi ya artesunate ya sindano, dawa ya malaria kali, kabla hujafika: miligramu 2.4 kwa kila kilo, na kwa mtoto asiyefika kilo 20, miligramu 3 kwa kila kilo. Hutolewa anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Wewe hutaagiza dawa, lakini utapima uzito, na hapo ndipo hesabu yote huharibika. Uzito wa kukisia ni dozi ya kukisia. Hakikisha mizani inasoma sifuri kabla ya kumpandisha mtoto, na mvue sweta na viatu.

Lugha ya mgonjwa

Darasani maswali yote ni ya Kiingereza. Wodini mgonjwa anasema, "Daktari, moyo unaniuma," huku kiganja kiko juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu. Ukiandika maumivu ya moyo umempeleka njia isiyo yake. Huenda ni vidonda vya tumbo au kiungulia. Mwombe: "Nionyeshe kwa kidole kimoja." Hata hivyo usiamue mwenyewe: mgonjwa akiwa na umri mkubwa, anatokwa jasho na kuhema, mwite mkuu wako mara moja, kwa sababu moyo wenyewe nao unaweza kuumiza hapo hapo.

"Homa" ni neno jingine la kuchambua. Kwa mmoja ni mafua, kwa mwingine ni joto la mwili, kwa wa tatu ni malaria. Uliza: mwili ulikuwa moto? Ulitetemeka? Makamasi yapo? Lini ilianza? "Kifua" kinaweza kuwa kikohozi, pumu, nimonia au kifua kikuu. Anayesema anaendesha, muulize amekwenda choo mara ngapi tangu asubuhi, ni maji matupu au kuna damu.

Usiulize "una ugonjwa gani?" mbele ya kitanda cha jirani. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori zina watu wengi wanaoishi na HIV, na mtu hatalitaja jambo hilo huku wageni wa wengine wakisikiliza. Sogea, shusha sauti: "Mama, kuna dawa yoyote unayomeza kila siku?" Swali hilo hufungua presha, sukari na dawa za HIV kwa pamoja bila kumwaibisha.

Salamu ya kwao husaidia kuliko unavyodhani: oyawore kwa Mjaluo asubuhi, mulembe kwa Mluhya, chamgei kwa Mkalenjin. Bibi asiyejua Kiswahili asitafsiriwe na mjukuu wake mambo ya siri ya mwili. Tafuta muuguzi anayejua lugha hiyo. Na jitambulishe kila mara, "Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi," hata akikuita daktari.

Sindano ikikuchoma

Jua hatua hizi kabla, kwa sababu siku hiyo kichwa hakitafanya kazi. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usifinye, usinyonye, usipake jiki. Mwambie inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, papo hapo, tukio liandikwe, upimwe HIV siku hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi huanza ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Zianze saa hizo za mwanzo ikiwezekana. Humezwa siku 28 bila kuruka. Kinachowaponza wanafunzi ni aibu: huficha wakiogopa kukaripiwa, wakija kusema ni siku ya tano. Ajali nyingi hutokea wakati wa kurudishia kifuniko cha sindano, au kusukuma sindano kwenye boksi lililojaa. Usirudishie kifuniko, na boksi likifika robo tatu lifungwe.

Daftari la mazoezi

Kila kazi uliyoifanya huandikwa na kutiwa sahihi na aliyekusimamia. Omba sahihi siku hiyo hiyo, zamu haijabadilika. Ukingoja mwisho wa mwezi utakuta sista aliyekuona ukizalisha amehamishiwa Ugunja au yuko likizo, na aliyebaki hawezi kutia sahihi jambo asiloliona. Andika tarehe, namba ya kazi na ulichofanya. Jina la mgonjwa usiliweke, wala picha yake usiipige. Kila Ijumaa piga picha kurasa zako mwenyewe uzitume kwenye barua pepe yako.

Wa stashahada ya uuguzi akimaliza hukabili mtihani wa leseni wa baraza. Afisa wa kliniki, daktari, mfamasia wa shahada na muuguzi wa shahada huwa na intanshipu, yaani kazi ya mafunzo hospitalini baada ya masomo, ya mwaka mmoja, na kupangiwa hospitali huweza kuchelewa kwa miezi. Weka akiba ya nauli, chakula na kodi ya miezi mitatu ya kwanza, maana malipo nayo hayaji siku unayoripoti.