Jinsi ya Kupata Bolti Sahihi Unapoijenga Upya Injini

Bolti kuingia kwenye tundu hakutoshi kuifanya iwe bolti ya tundu hilo. Ndani ya injini, bolti hukazwa mpaka ivutike kidogo, na mvuto huo ndio unaoibana silinda hedi (kichwa cha injini) juu ya gasketi wakati mafuta yanapowaka. Kwa hiyo bolti ya kubahatisha inaweza kukaa vizuri siku ya kufunga, kisha ikalegea au kukatika gari likiwa barabarani.

Kazi huanza siku ya kufungua. Chora umbo la kava la cheni (mfuniko wa mbele wa injini) kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, kisha chomeka kila bolti mahali ilipotoka. Injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika Vitz na Probox nyingi, ina bolti za urefu tofauti kwenye kava hilo moja, na zikishamwagwa pamoja kwenye kopo ni vigumu kuzirudisha kwa kukisia.

Baada ya hapo zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la silinda hedi, konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini), vifuniko vya beringi za krenki na flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki). Hizi zitafutwe kwa namba ya spea pekee: mpe muuzaji namba ya chesisi na ya injini, naye atafute kwenye katalogi. Namba za Toyota huwa na tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine, na bolti nyingi huanza na 90. Injini nyingi za siku hizi hukaza bolti hizi kwa nguvu maalumu kwanza, kisha kwa kuzigeuza digrii 90 (robo mzunguko) au zaidi, jambo linaloweza kuzirefusha zisirudi tena urefu wake wa awali. Kitabu cha ufundi cha injini yako kitasema kama zibadilishwe kila mara au zipimwe urefu ama kipenyo. Ukiona shingo iliyopungua unene katikati ya meno, au nati ikigoma kupita kwa vidole, itupe. Binafsi ningenunua seti mpya hata pale kipimo kinaporuhusu za zamani, kwa sababu gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bloku iliyotobolewa na konrodi.

Fungu la pili ni la makava, sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ya maji na vishikizo. Hapa unaweza kununua kwa vipimo, ama kutumia bolti nzima za injini ya mtumba. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kipenyo cha meno, umbali wa jino hadi jino, na urefu kuanzia chini ya kichwa. Bolti ya milimita 10 ya gari la Kijapani kwa kawaida ina nafasi ya milimita 1.25 kati ya meno na kichwa cha spana 14, ilhali ile ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi ina nafasi ya 1.5 na mara nyingi kichwa cha 17. Ukiichomeka itazunguka kidogo kisha ikwame, na ukiilazimisha kwa spana utang'oa meno ya alumini. Njia rahisi ya kuhakiki ni kulaza bolti mbili ubavu kwa ubavu na kuziinua kwenye mwanga: meno yakikaliana bila upenyo, zinafanana.

Soma pia alama ya kichwani. Alama 8.8 humaanisha chuma kinachohimili takriban megapaskali (kipimo cha nguvu ya kuvuta) 800 kabla ya kukatika, na 10.9 humaanisha 1,000. Usishushe daraja. Bolti ya chuma kisichoshika kutu yenye alama A2-70 inang'aa, lakini uwezo wake ni 700 tu.

Ukienda kununua spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, beba bolti ya zamani na kalipa, na upime mwenyewe kabla ya kulipa.

Kabla ya kufunga, safisha matundu na uyapulize kwa hewa, maana mafuta yaliyotuama kwenye tundu lisilotoboka hayana pa kwenda na yanaweza kupasua bloku. Hakikisha bolti mpya haigusi mwisho wa tundu, kwani ikigusa, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) itasoma nguvu kamili huku kifaa hakijabanwa. Paka oili kwenye meno pale tu kitabu kinapoelekeza, kwa kuwa meno yenye oili huvutika zaidi kwa nguvu ileile, na bolti za flaiwili zilizokuja na gundi kwenye meno zifungwe kavu kama zilivyo.