Drili ya zamani ya umeme: kuichagua, kuifungua na kuirudisha kazini

Drili ya umeme iliyolala stoo miaka arobaini ikifika mkononi, kila mtu hutaka kuichomeka palepale aone kama inazunguka. Usiichomeke. Mpira uliofunika nyaya za wakati ule hukauka na kupasukapasuka kama ganda la yai. Ukiukunja karibu na mshikio unausikia ukipasuka. Bodi ni ya alumini, na drili nyingi za aina hii zilitoka na waya wa njia mbili, bila athi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini). Waya ulio uchi ukigusa bodi, drili itazunguka vizuri tu, na aliyeishika ndiye atakayekuwa athi.

Kwa hiyo kazi huanzia ndani kwenda nje: umeme, beringi, gia, kisha sura. Anayeanza na rangi huishia na pambo la rafu.

Kuchagua

Fein ya Ujerumani ilitengeneza drili ya umeme ya mkononi tangu 1895, na Black & Decker walipata hataza ya drili yenye mshikio wa bastola na swichi ya kidole mwaka 1917. Za umri huo ni za wakusanyaji wenye subira. Zinazopatikana kwa urahisi ni za kati ya miaka ya 1940 na 1960, na ndizo zinazofaa kwa kujifunzia: zimefungwa kwa skrubu, hazikugandishwa kwa gundi, na beringi zake nyingi ni za saizi zinazouzwa hadi leo.

Kabla ya kulipa, zungusha chaki (kile kichwa kinachobana biti) kwa mkono. Unatakiwa uhisi uzito wa gia na usikie mota ikizunguka nyuma. Chaki ikizunguka huku mota imetulia, gia imekatika meno. Shika chaki uitikise kushoto na kulia: mchezo mdogo ni beringi au bushi (pete ya shaba inayoshika shafti badala ya beringi) tu, lakini ikicheza sana huenda nyumba ya beringi yenyewe imelika. Kisha nusa matundu ya hewa. Harufu ya grisi kuukuu na vumbi haina neno. Harufu kali ya vanishi iliyoungua maana yake koili (nyaya za mota zilizopakwa vanishi hiyo) imekwisha, na kusuka upya amecha (sehemu ya mota inayozunguka) hugharimu kuliko mashine nzima. Angalia pia kama vifuniko viwili vya kaboni (vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye amecha) vipo. Ni vidogo, hupotea kirahisi, na nyuzi zake (kama za skrubu) mara nyingi si za kipimo cha kawaida.

Kutu ya nje isikutishe. Ufa kwenye nyumba ya gia, hasa kuzunguka matundu ya skrubu, ndio wa kuogopa.

Soma kibati cha kiwanda. Mota ya kaboni hukubali umeme wa AC na wa DC, na haijali kama ni Hz 50 au 60, ila volti lazima zilingane. Drili ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 huungua mara moja. Itumie na transfoma yenye wati mara moja na nusu hadi mbili ya zile zilizoandikwa kwenye kibati. Mashine za mezani zenye mota isiyo na kaboni ni habari nyingine: iliyoandikwa mizunguko 1,725 kwa Hz 60 itashuka hadi kama 1,440 kwa Hz 50, na huwa na joto zaidi hata volti zikilingana.

Na kibati chenyewe usikisugue. Maandishi ya vibati vingi ni rangi nyembamba tu juu ya bati. Msasa ukipita mara mbili, umefuta namba pekee iliyokuwa ikikuambia mashine ni ipi.

Kufungua

Piga picha kila hatua, na kila kundi la skrubu liweke kwenye kikopo chake. Skrubu za zamani ni za mfereji mmoja, na mifereji yake ni myembamba kuliko bisibisi nyingi za sasa. Noa ncha ya bisibisi kwa tupa hadi ijae mfereji wote. Bisibisi isiyojaa ndiyo inayokula vichwa.

Skrubu ya chuma iliyoganda ndani ya alumini haitoki kwa nguvu. Itone mafuta ya kupenyeza, iache usiku kucha, kisha pasha alumini iliyoizunguka kwa mashine ya hewa moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hulegea. Gonga kichwa cha skrubu mara chache kwa nyundo ndogo kabla ya kuzungusha.

Toa kaboni kabla ya kuvuta amecha. Ukisahau, beringi ya nyuma inapotoka hugonga kaboni na kuzimega. Zikitoka, tia alama ipi ilikuwa kushoto, ipi kulia, na upande upi ulitazama juu: kila moja imeshajilia kuendana na mviringo wa komyuteta (duara la vipande vya shaba kwenye amecha ambalo kaboni hugusa), na ukizigeuza zitarusha cheche upya.

Chaki hutoka kwa njia mbili. Iliyofungwa kwa nyuzi hulegezwa kwa kubana ndani yake mkono mfupi wa ufunguo wa L mnene, kisha kuupiga mkono mrefu pigo moja kali la nyundo kuelekea kinyume cha saa. Kwanza fungua meno ya chaki uchungulie chini kabisa. Ukiona kichwa cha skrubu, ni ya nyuzi za kushoto, nayo hufunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Kama hakuna nyuzi, chaki imekaa kwenye shafti iliyochongoka na hutolewa kwa jozi ya kabari zinazoingizwa nyuma yake kutoka pande mbili. Usiipige chaki kwa upande, utapinda shafti.

Grisi ya zamani hugeuka kama sabuni ya mche. Ikwangue kwa kijiti, kisha osha gia kwa mafuta ya taa na brashi. Koili usizitie mafuta ya taa. Zipulize vumbi na kuzipangusa kwa kitambaa kikavu. Wakati wa kuosha, hesabu washa (pete bapa) nyembamba zilizo nyuma ya kila gia. Moja ikibaki chini ya sinia, gia zitalia maisha yao yote.

Umeme

Anza na kaboni. Zilizobaki chini ya milimita 6, au theluthi ya urefu wake wa mwanzo, badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukikosa saizi, nunua kubwa zaidi uzisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi ziteleze ndani ya nyumba zake bila kukwama na bila kuyumba. Spring iliyogeuka rangi ya buluu imeshapata joto na kupoteza nguvu. Haitakandamiza kaboni, na cheche hazitaisha hata uweke kaboni mpya.

Komyuteta nzuri ina rangi ya kahawia iliyokolea na kulingana pande zote. Rangi hiyo ni utando unaosaidia kaboni kuteleza, usiufute kwa sababu tu haung'ai. Ukikuta weusi wa madoadoa, izungushe kwenye mashine ya kereza, au kwenye drili nyingine, ukiigusisha msasa namba 400 kisha 600. Usitumie msasa wa chuma (emery) wala pamba ya chuma: chembe zake hupitisha umeme na kukaa kati ya vipande vya shaba. Baada ya hapo pitisha kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa chembamba kwenye kila mfereji, ili maika (kizuizi cha umeme kati ya vipande vya shaba) ibaki chini ya shaba kwa nusu milimita hivi. Maika ikiwa juu, kaboni hurukaruka juu yake.

Sasa chukua maltimita. Weka ncha mbili kwenye vipande viwili vya komyuteta vilivyo jirani, soma ukinzani, sogea kipande kimoja, soma tena, hadi umalize duara. Namba zitakuwa ndogo, pengine omu moja au mbili, na la muhimu ni zilingane. Panaposoma juu sana kuliko kwingine, waya umekatika, mara nyingi palepale unapoungana na shaba. Hapo unaweza kuuchoma kwa risasi. Panaposoma chini sana, koili imeungana ndani, na amecha hiyo imekufa.

Kisha insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme usivuje. Maltimita haitoshi hapa kwa sababu hupima kwa volti chache tu. Tumia mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500, kati ya koili na bodi. Megaomu 1 ndiyo kiwango cha chini kwa drili ya bodi ya chuma yenye athi. Ikisoma pungufu usikate tamaa mara moja. Amecha na koili za pembeni ziweke ndani ya boksi pamoja na balbu ya wati 40 hadi 60 ya waya wa moto, isiyogusa kitu, siku nzima. Kipimo kikipanda, ulikuwa unyevu. Kisipopanda, vanishi imekwisha.

Drili nyingi za Ulaya zina kapasita ndogo ya kuzuia kelele za redio, ya karatasi na nta, iliyounganishwa na bodi. Huvuja ikizeeka na kumfanya mtumiaji ahisi mchonyoto mkononi. Ikate uitupe. Ukitaka kuiweka mpya, ya kati ya layini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) iwe daraja la X2, na ya kwenda kwenye bodi iwe Y2, si nyingine yoyote.

Waya mpya uwe wa mpira, njia tatu, milimita za mraba 1 kwa drili ndogo ya volti 230 na 1.5 kwa ya volti 120, kwa kuwa ya volti ndogo hula ampea nyingi zaidi. Waya wa athi ufungwe kwa skrubu yake mwenyewe kwenye alumini iliyokwanguliwa rangi, na uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa athi iwe ya mwisho kukatika. Jambo la rangi: usiamini ulichokuta ndani. Kwenye nyaya za zamani za Ujerumani nyekundu ilikuwa athi, wakati kwa Waingereza nyekundu hiyohiyo ilikuwa layini. Fuata waya kwa maltimita, si kwa macho. Na kama kibati kina alama ya mraba ndani ya mraba, drili hiyo ina insulesheni mara mbili: ibaki na waya wa njia mbili.

Beringi, gia na grisi

Namba ya beringi huandikwa ubavuni. 608 ni tundu la milimita 8, nje 22, unene 7. 6000 ni 10, 26 na 8. 6201 ni 12, 32 na 10. Upande wa kaboni chagua yenye mfuniko wa mpira (2RS), kwani vumbi la kaboni hupenya ya mfuniko wa bati. Itoe kwa pula (kifaa cha kuvutia beringi), na unapoingiza mpya sukuma pete ya ndani tu, kwa kipande cha bomba kinachoenea juu yake. Ukisukuma pete ya nje, nguvu yote hupita kwenye gololi na zitaanza kulia kabla hujaitumia.

Bushi za shaba nyeusi zenye vinyweleo hazitaki grisi. Ziloweke usiku kucha kwenye mafuta ya SAE 20 au 30 yasiyo na sabuni.

Nyumba ya gia ijazwe grisi ya lithiamu theluthi moja hadi nusu. Wengi hujaza hadi juu wakidhani wanaipenda mashine. Grisi hupata joto, hutafuta njia, na njia iliyopo ni ya kwenda kwenye komyuteta.

Sura

Rangi ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, vaa barakoa, au iache kama ilivyo. Rangi iliyochakaa kwa mikono ya kazi ina thamani kwa wakusanyaji. Sehemu za chuma zenye kutu, kama chaki iliyofunguliwa vipande, zilowe kwenye siki saa 12 hadi 24, zisuguliwe, zisuuzwe kwa maji ya magadi ya kuokea, zikaushwe kwa joto na kupakwa mafuta papo hapo. Alumini usiitie kwenye siki wala magadi makali.

Kuiwasha

Unganisha balbu ya wati 100 ya waya wa moto kwa mfululizo kwenye layini (umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye drili), kisha bonyeza swichi. Balbu ikiwaka nusu na drili ikizunguka taratibu, uko salama kuendelea. Ikiwaka kwa nguvu zote na drili imesimama, kuna shoti au kitu kimekwama. Isipowaka kabisa, kaboni hazigusi au swichi imekufa. Balbu haitakuonyesha umeme uliovuja kwenye bodi, ndiyo maana mega ilitangulia.

Ondoa balbu, iendeshe bila mzigo dakika 10 hadi 15 ili kaboni mpya zikae. Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni za kawaida na zitapungua. Cheche zinazoizunguka komyuteta nzima kama pete ya moto ni amecha: zima na urudie kipimo cha kipande kwa kipande. Ikipata joto upande wa gia tu, umejaza grisi kupita kiasi. Ikilia mlio wa juu unaobadilika unapoegemea mzigo, rudi kwenye sinia, utafute ile washa.