Landrover ya chumvi: ethi kwanza, rangi mwisho

Landrover yangu ni Series III 109 ya petroli. Niliikuta Pangani, kule pwani, chini ya mkwaju, kuku wametagia nyuma. Kosa langu nililifanya wiki ya kwanza: nikaipiga rangi. Ikang'aa kama kikombe cha harusini, ila usiku nikikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka. Ilibidi nianze upya, na hivi ndivyo ningekwambia uanze wewe.

Usiwasikilize wanaosema Landrover haishiki kutu kwa sababu bodi ni alumini. Chukua sumaku ya spika mbovu uipitishe gari zima. Kwenye boneti na madigadi itateleza. Kwenye chesi (fremu ya chini), nguzo za milango na ule ukuta unaotenga injini na dereva itanata, na huko ndiko kutu inakojificha. Gonga kwa nyundo ndogo, hasa pale dereva anapoweka miguu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama karatasi. Tena alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, inayolika ni alumini: utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Ukirudisha vipande, weka raba nyembamba katikati na grisi kwenye bolti.

Ukitia kiraka, kata mpaka ufike chuma kizima, usibandike juu ya kutu. Kabla ya kuchomelea, toa tangi la petroli nje kabisa, chomoa betri na plagi ya alteneta, ile inayochaji betri, la sivyo utaunguza dayodi zake za ndani.

Sasa waya. Usizing'oe zote kwa hasira. Kila unayochomoa ifunge plasta ya kidonda na uandike ilikotoka. Rangi za kiwandani zinasomeka: kahawia ina moto wa betri muda wote, nyeupe inapata moto ukiwasha funguo, kijani imeshapita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kwangu fundi mmoja alikuwa ameunga waya ya nyumba na kufunga nailoni. Ungio la namna hiyo likate, ulehemu jipya.

Ethi ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Taa za nyuma zinarudisha umeme kupitia bodi, nami nilikuwa nimepaka rangi kila mahali. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia taa ya jirani, ndiyo maana indiketa ziliwaka. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga waya nyeusi, kisha paka grisi. Usisahau mkanda wa ethi kati ya injini na chesi, maana injini imekalia raba. Mkanda ukikatika, stata itajitafutia njia kwenye kebo ya choki, ile unayovuta kwa mkono injini ikiwa baridi. Mimi iliniunguza vidole. Kupima, washa taa kubwa, weka mita kati ya ganda la taa na hasi ya betri. Isizidi nusu volti.

Taa kubwa mbili za wati 60 zinakula kama ampia 10. Swichi ya zamani isibebeshwe mzigo huo, weka rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo badala yake.

Kila kitu kikiwaka, ndipo upake rangi. Sugua kwa msasa, tumia praima maalumu ya kushika kwenye alumini. Ile ya kawaida itabanduka kama ganda la kitunguu. Mimi nilipaka kwa brashi. Ukisimama hatua tatu huoni mistari.