Marehemu hana ndugu anayejulikana? Anza na karatasi zake

Kazi yangu ni kutafuta jamaa za watu waliofariki peke yao. Kwanza pata kibali cha kugusa vitu vya marehemu. Kitambulisho hutoa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hutaja wazazi. Cheti cha ndoa usikisome juu juu: tazama mashahidi, maana mara nyingi ni kaka, dada au rafiki wa karibu. Geuza kila picha. Nyuma utakuta mwaka, mahali, pengine "kwa dada yangu mpendwa", na hapo najua kuna mtu wa kutafutwa. Bahasha kuukuu nazo huwa na anwani ya mtumaji.

Mwajiri wa zamani muulize jina la ndugu lililojazwa kwenye fomu. Majirani wasikilize pia, hata wakijua jina la utani tu.

Ukimpata mtu, hakiki kabla ya kutangaza msiba: yeye ndiye ataje majina ya wazazi, wewe usimtangulie. Kisha mwambie waziwazi kwamba nduguye amefariki. Mwache alie. Habari za mali zisubiri. Mweleze mwili uko wapi na nani wa kumwona kuhusu mazishi.