Kuogelea na kupanda kaiti Paje kwa usalama

Nafundisha kuogelea Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na kila mwanafunzi namwanzia hapa: kabla hujavua viatu, jua maji yanakwenda wapi.

1. Ulizia maji. Hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Bahari hukauka mnamo saa 4 asubuhi, ikajaa mnamo saa 10 alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na tofauti ni ndogo. Simu itakupa jedwali, lakini waulize pia wavuvi na akina mama wa mwani. Wanaishi kwa saa hizo.

2. Ogelea maji yakijaa. Ukichoka, yanakusogeza pwani. Yakianza kupwa, maji yote yaliyo kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe ulio mbele baharini hutafuta mlango wa kutokea, na karibu na mlango huo mkondo ni mkali kuliko mwogeleaji yeyote. Ukivutwa, usipigane nao. Elea, tuliza pumzi, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka mvuto uishe.

Wanaotembea kwa miguu hadi mwambani maji yakiwa yamekauka ndio wanaonitia hofu zaidi. Maji yakirudi hayaji kutoka mbele tu; hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, na ulipopita kwa vifundo vya miguu sasa panakufika kifuani. Saa ya maji kutulia, yaani yamekoma kupwa na yanakaribia kurudi, ikifika, geuka hapo hapo, hata kama hujafika mwambani.

3. Vaa viatu vya majini. Kuna viumbe weusi wa miiba mirefu, na kuna taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani. Buruta miguu ili akimbie. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha nenda hospitali.

4. Kaiti, yaani tiara kubwa inayokuvuta juu ya ubao majini. Kusi huvuma Juni hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Februari. Usirushe kaiti upepo ukitoka nchi kavu, kwani utakupeleka nje. Jifunze kwanza kuachia kaiti kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa. Upande upepo unakokwenda pasiwe na watu wala vigingi vya mwani. Kilimo hicho kilianza hapa kibiashara mwaka 1989, na kamba zile ni riziki ya mtu. Zizunguke.

5. Mwenzako akizama. Usimrukie, anayezama hukukumbatia mkazama wote. Mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba, na piga kelele watu waje na mtumbwi.

Akitolewa hapumui, msimbinue kichwa chini wala msimkamue tumbo. Mlaze chali, nyanyua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni, ndipo mbonyeze katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30 tena, bila kuacha hadi msaada ufike. Akizinduka, mpelekeni hospitali hata akisema hajambo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumzidia saa kadhaa baadaye.