Kubalansi darubini na kuiongoza ukiwa huku kwetu karibu na ikweta

Mtu akipiga picha ya dakika tatu halafu nyota zikatoka ndefu kama punje za mchele, cha kwanza anakimbilia kompyuta, anafungua PHD2 (programu inayoongoza darubini ifuate nyota) anaanza kuchezea namba, wakati shida iko kwenye vyuma. PHD2 ni programu nzuri sana na ni ya bure, ila kazi yake ni kusahihisha makosa madogo madogo, haiwezi kubeba darubini iliyolemea upande mmoja. Kwa hiyo mikono kwanza, kompyuta baadae.

Kabla hujalegeza chochote funga kila kitu kitakachokuwepo usiku huo: kamera kubwa, darubini ndogo ya kuongozea na kamera yake, mkanda wa kuzuia umande, waya zote, fokasi iwe tayari na mfuniko wa mbele umeutoa, maana hata mfuniko una uzito wake. Waya zifunge pamoja karibu na maunti (kile chombo kinachobeba na kuzungusha darubini) zisining'inie, waya unaovutwa unaharibu picha sawa tu na balansi mbovu.

Anza na Dec, mhimili unaoipeleka darubini kaskazini-kusini. Laza fito ya vyuma vya uzito iwe sambamba na ardhi, funga klachi (kibano) ya RA, yaani mhimili unaofuata nyota mashariki-magharibi, shika darubini vizuri (usiiachie kabisa), legeza klachi ya Dec taratibu usikilize mkononi inataka kwenda wapi, halafu isogeze mbele au nyuma kwenye reli yake mpaka itulie. Sasa ielekeze mdomo juu ujaribu tena. Ikitulia ikiwa imelala ila ikisimama inageuka, ujue kuna kitu kizito upande mmoja, mara nyingi ni ile darubini ndogo iliyofungwa mgongoni. Watu wengi wanaruka hii hatua na ndo inayowatesa. Ukimaliza nenda RA, hapo unasogeza vyuma vya uzito tu. Bora chuma kizito karibu na maunti kuliko chepesi mwisho wa fito.

Ikishatulia kabisa, iharibu kidogo kwa makusudi. Kwenye maunti za gia kuna nafasi ndogo kati ya meno, na mzigo ukiwa sawa pande zote meno yanacheza ndani ya hiyo nafasi, upande wa mashariki ukiwa mzito kidogo mota inakuwa inasukuma muda wote na meno yanabaki yamegusana. Mfano uko Dodoma katikati ya mwezi wa saba unataka nebula ya Lagoon, M8, kwenye kundi la Mshale. Saa tatu usiku iko bado mashariki, maana yake darubini yako iko upande wa magharibi wa maunti na vyuma viko mashariki, kwa hiyo vyuma unavisogeza nje milimita chache. Kama saa tano hivi inavuka mstari wa kaskazini-kusini, maunti inageuka, darubini inahamia mashariki, na hapo unavirudisha vyuma ndani kidogo. Ukivisahau, mzigo utakuwa mzito magharibi nusu ya usiku iliyobaki.

Sasa huku kwetu kuna jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayaligusi. Dar iko kama nyuzi 7 kusini, Nairobi nyuzi 1 na kidogo, kwa hiyo mhimili wa RA unakuwa karibu umelala kabisa, na maunti nyingine hata hazishuki hivyo, uliza kabla hujanunua. Fito ya vyuma inaning'inia upande wa kusini na inaweza kugonga mguu wa stendi. Ukigeuza mguu ukae kaskazini haigongi ila mzigo wote unaegemea kusini na stendi inaweza kupinduka, kwa hiyo mi napendelea mguu ubaki kusini halafu uongeze nguzo fupi kati ya stendi na maunti.

Nyota ya Kaskazini huku haionekani, na Sigma Octantis ya kusini ni hafifu na iko chini kwenye vumbi, usipoteze muda nayo. Kuelekeza mhimili wa RA kwenye ncha ya kusini ya anga tumia drifti ya PHD2, inayoangalia nyota inavyohama polepole: nyota iliyo karibu na utosini kwa kurekebisha kushoto-kulia, halafu nyota iliyo chini kiasi mashariki au magharibi kwa kurekebisha juu-chini.

Kalibresheni ya PHD2 (kupima maunti inavyojibu amri) ifanye karibu na Dec 0, yaani ikweta ya anga, ambayo kwetu iko karibu juu ya kichwa. Muda wa kamera ya kuongozea anza na sekunde 2. Kujua kama unaongoza vizuri, chukua 206 zidisha ukubwa wa pikseli ya kamera kubwa kwa maikroni, gawa kwa urefu wa fokasi wa darubini kwa milimita: pikseli 3.76 kwenye darubini ya milimita 400 inakupa kama sekunde za tao 1.9 kwa pikseli. Namba ya RMS ya PHD2 (wastani wa kosa la kuongoza, kwa sekunde za tao) ikiwa chini ya hapo nyota zinabaki duara, ikifika nusu yake ndo safi zaidi.

Kwenye grafu ya PHD2, mstari wa RA ukiruka sana kuliko wa Dec, rudi kwenye vyuma. Ikiruka yote miwili bila mpangilio ni hewa inayotetemeka, ongeza muda wa kamera ya kuongozea mpaka sekunde 3 au 4, ila kama ni upepo fupisha miguu ya stendi na uhamie nyuma ya ukuta.