Bronx Zoo Peke Yako kwa Siku Moja: Hatua kwa Hatua

Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, ilifunguliwa Novemba 1899 na ina ekari 265. Kwa miguu huimalizi kwa siku moja, na anayelazimisha huishia kuona migongo ya wanyama waliolala. Mpango ulio hapa chini ni wa mtu mmoja: sehemu nne au tano tu, zikipangwa kwa saa ambazo wanyama wako macho. Ukipata zaidi ya hapo, ni nyongeza.

1. Chagua siku, ndipo ununue tiketi

Siku za kazi, nje ya likizo za shule, ndizo tulivu. Jumatano mtu hulipa apendacho, au halipi kabisa, lakini tiketi hiyo inakuingiza bustanini tu. Msitu wa gorila (Congo Gorilla Forest), jumba la JungleWorld na treni ya monoreli (ya reli moja) havimo ndani yake. Kama unakwenda kwa ajili ya gorila, lipia tiketi kamili siku nyingine. Kama unataka kutembea na kupumzisha macho, Jumatano inatosha sana, ila weka nafasi mtandaoni mapema kwa sababu zinaisha.

Kuhusu msimu: Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti joto huwalaza wanyama wa nchi za baridi kuanzia saa tano asubuhi. Wakati wa baridi kali ni kinyume chake: simbamarara wa Siberia na chui wa theluji wanachangamka, lakini wengi wa kutoka Afrika wako ndani, na monoreli haifanyi kazi.

2. Treni: hapa ndipo wengi wanapotea

Panda treni namba 2 au 5, ushuke West Farms Square–East Tremont Avenue. Fuata Boston Road chini ya reli, upande treni inakoelekea, hadi lango la Asia Gate. Ni mwendo mfupi.

Makosa matatu hurudiwa kila siku:

- Kupanda namba 3 kwa sababu inapita jukwaa moja na 2 na ina rangi ileile nyekundu. Hiyo inaishia Harlem.
- Kupanda namba 4 badala ya 5. Zote ni za kijani, lakini 4 inakwenda Woodlawn.
- Kushuka Pelham Parkway isiyo yenyewe. Kuna vituo viwili vyenye jina hilo, kimoja kwenye njia ya 2 na kingine kwenye njia ya 5. Cha namba 2 kinakufikisha lango la Bronx River baada ya kutembea kidogo. Cha namba 5 kiko mbali zaidi mashariki, na utajuta.

Wikendi treni hubadilishwa njia kwa sababu ya matengenezo, kwa hiyo soma matangazo ya MTA, shirika la treni na mabasi ya jiji, usiku wa kuamkia safari. Mabasi ya BxM11 yanatoka Madison Avenue, Manhattan, hadi karibu na lango la Bronx River. Nauli yake ni zaidi ya mara mbili ya treni, ila una kiti na hubadilishi gari.

3. Mkoba

Uwe mwepesi, maana huna wa kumpokeza na utaingia nao hadi msalani. Chupa ya maji ya lita moja (isiwe ya kioo), chakula chako, pawabenki yenye chaji, koti jepesi la mvua. Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea. Chakula cha kubeba kinaruhusiwa, na ni heri ubebe kuliko kupanga foleni saa sita na nusu nyuma ya basi zima la wanafunzi. Piga picha ya ramani langoni, kwa kuwa simu ikiwa inatafuta mtandao siku nzima chaji inaisha mapema.

4. Saa nne asubuhi: pita JungleWorld bila kuingia

Milango hufunguliwa saa nne. Jengo la kwanza kuliona ukitokea Asia Gate ni JungleWorld, na karibu kila mtu anaingia. Wewe pita. Ni msitu wa ndani, joto lake halibadiliki, na giboni na fisimaji watakuwepo hata alasiri. Nenda moja kwa moja kwa gorila, ambao asubuhi ndipo wanakula na kutembea.

5. Msitu wa gorila: tenga saa moja na nusu

Sehemu hii ilifunguliwa mwaka 1999 na ina ekari sita na nusu. Usikimbilie mbele. Mwanzoni yupo okapi, mnyama wa misitu ya Ituri huko Kongo ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1901. Inashangaza kidogo kwamba wasemaji wengi wa Kiswahili watamwona kwa mara ya kwanza Bronx. Ana miguu yenye milia na rangi ya kahawia iliyokolea, kwa hiyo kwenye kivuli macho hukosa umbo lake. Tafuta masikio: yanazunguka hata akiwa amesimama tuli. Wapo pia mbega.

Baadaye unaingia ukumbi wa filamu fupi. Filamu ikiisha pazia linafunguka, na nyuma yake kuna kioo na gorila wenyewe. Watu wote husukumana kwenda mbele. Subiri dakika tano, kundi litapungua, nawe utapata kioo chako. Usimkazie macho dume mwenye mgongo wa fedha wala kugonga kioo. Kwake huo ni ugomvi. Kaa chini, geuza bega, tulia. Mara nyingi watoto wao ndio husogea kwanza.

Kwa picha, zima mwanga wa simu, gusisha lenzi kwenye kioo na uizungushie kiganja. Ukiiacha umbali wa hata sentimita chache, utapiga picha ya uso wako mwenyewe.

6. Mchana

Kula saa tano na nusu, kabla ya wengine. Kisha chagua njia moja tu: ama simba na swala wa African Plains pamoja na gelada, nyani wa milima ya Ethiopia wanaong'oa majani wakiwa wameketi, ama chui wa theluji na panda wekundu. Hao panda hulala juu, kwenye panda za miti, kwa hiyo inua kichwa. Njiani wasalimu nyati wa Marekani: mwaka 1907 bustani hii ilipeleka 15 Oklahoma kuirudisha jamii iliyokuwa karibu kutoweka.

7. Alasiri

Rudi upande wa Asia Gate kufikia saa nane na nusu. Monoreli huchukua kama dakika 20, inavuka Mto Bronx, na viti vyote vinatazama upande mmoja, kwa hiyo hakuna kiti kibaya. Halafu ingia JungleWorld. Kukiwa na baridi nje lenzi itajaa ukungu. Acha kamera ndani ya mkoba robo saa ipate joto taratibu, usiifute kwa shati. Usichelewe, maana majengo ya ndani huanza kufungwa kabla ya malango, na wakati wa baridi malango yenyewe hufungwa saa kumi na nusu.

Ukijikuta umetokea lango la Southern Boulevard, usizunguke kwa miguu. Panda basi la Bx9 linaloelekea West Farms, kisha treni. Ukigusa kadi au simu ileile kwenye basi na kituoni ndani ya saa mbili, hulipi nauli ya pili.